Kiti Kilipitia kwa Mama

Taji la dhahabu alilovikwa mfalme wa Kilwa mwezi Julai 1505 halikutengenezwa kwa ajili yake. Lilitoka Ureno likiwa zawadi ya mfalme wa Cochin, kule India, na meli za Francisco de Almeida zilikuwa njiani kulipeleka. Lakini Kilwa ilikuwa imevamiwa na kuporwa, mtawala wake amekimbia, na Wareno walihitaji mtu wa kumweka mahali pake upesi. Wakalitoa taji la mfalme mwingine, wakamvika mzee mmoja tajiri wa mji ule, Muhammad bin Rukn al-Din, ambaye wao walimwita Mohammed Ankoni. Hakuwa wa ukoo wa masultani. Nisba yake, al-Dabuli, inaelekeza Dabhol, bandari ya magharibi mwa India. Kwa hiyo siku ile taji la India lilikaa juu ya kichwa cha mtu mwenye jina la India, kwenye kiti cha Waswahili, kwa mkono wa Wareno. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa ameuawa.

Mimi ni mtu wa Ruangwa. Mkoa wetu na Kilwa ni mmoja, Lindi, lakini shuleni Kilwa ilifundishwa kama habari ya watu wengine: Washirazi, misikiti ya mawe ya matumbawe, sarafu za shaba, dhahabu ya Sofala. Bara yetu ilitajwa kwa sentensi moja, mahali zilipotoka pembe za ndovu na watumwa. Hakuna aliyetuambia kwamba moja ya simulizi za zamani kabisa kuhusu namna kiti cha Kilwa kilivyorithiwa inapita kwa mzee wa upande wetu, na kwa binti yake.

Kila anayekalia kiti cha utawala hulazimika kujibu swali moja: nani shahidi wako? Nani atasimama mbele za watu aseme kwamba kiti hiki ni cha huyu na si cha yule? Wengine hujibu kwa kitabu cha nasaba, wengine kwa mizinga, wengine kwa barua yenye muhuri. Kwetu, tangu zamani, shahidi ni mama.

Wamwera, pamoja na majirani zetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, tumezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume akifa, kwa mila ya zamani kilichokuwa cha ukoo hakiendi kwa wanawe, maana wanawe ni watu wa ukoo wa mkewe. Kinakwenda kwa mdogo wake wa tumbo moja, au kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mgeni akisikia hushangaa, lakini mantiki yake ni nyepesi. Baba wa mtoto anaweza kubishaniwa. Mama habishaniwi, maana wapo waliomshika mkono siku anajifungua. Ukitaka kiti kibaki katika damu ileile bila wasiwasi, kipitishe kwa dada.

Tusidanganyane, hili halikuwafanya wanawake wote watawale. Mara nyingi mstari ulipita kwa wanawake, kiti kikakaliwa na wanaume. Lakini mwanamume aliyetaka kukikalia hakuweza kuanza kujieleza bila kumtaja mama yake.

*

Kilwa ina kumbukumbu mbili za mwanzo wake. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Sulwa, kilichotungwa katika karne ya 16; nakala yake iliyoandikwa mwaka 1877 iko London. Mwanahistoria Mreno João de Barros naye alichapisha mwaka 1552 habari zinazofanana nazo kwa kiasi kikubwa. Kitabu hiki ni cha wanaume. Fulani mwana wa fulani alitawala miaka kadhaa, kisha akatawala mwanawe, kisha ndugu wa mwanawe. Mwenyeji wa kisiwa anatajwa kama kafiri aliyekiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka, kisha akataka kurudi kwa vita akakuta mkondo wa maji umechimbwa na njia imefungwa. Baada ya hapo anatoweka, na kitabu kinaendelea na wageni wake.

Kumbukumbu ya pili ni simulizi ya wazee wa Kilwa, iliyokuja kuandikwa kwa Kiswahili karne nyingi baadaye. Humo mwenyeji ana jina na kabila. Anaitwa Mzee Mrimba, na ni Mmachinga. Wamachinga ni jamaa na majirani zetu wa karibu, watu wa nyuma ya pwani ya Lindi na Kilwa. Sultani Ali bin Selimani, Mshirazi, anafika na jahazi lake, anaomba mahali pa kukaa, anapewa. Mgeni njoo mwenyeji apone: anatoa zawadi za nguo na shanga. Kisha anamwoa binti Mrimba. Baadaye yanafanyika yale mapatano ya nguo, Mrimba anahamia bara, na wageni wanasoma dua ili asirudi.

Kitabu cha Kiarabu kingeishia hapo, lakini wazee wanaendelea. Binti Mrimba anazaa mtoto wa kiume, Muhammad. Anakua nyumbani kwa baba yake hadi anakuwa mtu mzima, halafu anafunga safari kwenda upande wa Ruvuma kumtafuta babu yake. Babu hamlaumu kwa kisiwa kilichokwenda. Anampokea, na anamkabidhi utawala wake. Kijana anarudi Kilwa akiwa sultani kwa pande zote mbili.

Ukitazama ramani utaona kwamba anayetoka Kilwa kwenda upande wa Ruvuma hana budi kukatiza nchi yetu au kupita kando yake. Jambo hilo hunifurahisha, lakini linalonisimamisha zaidi ni mantiki ya simulizi yenyewe. Baba yake Muhammad alikuwa ameshakilipia kisiwa. Angeweza kumrithisha mwanawe kwa mkono wake, kama kitabu cha Kiarabu kinavyopenda. Wazee wa Kilwa hawakuridhika na hilo. Walijua kwamba nguo zinanunua mahali pa kukaa, lakini hazinunui watu wa bara wanaoleta chakula na pembe, wanaojua njia na visima. Ili watu hao wamtambue sultani kama mtu wao, ilibidi awe mtoto wa binti yao, na ilibidi babu yake, akiwa hai, amtamke hivyo mbele za watu.

Kwa hesabu kali ya ukoo wa mama, mjukuu kwa binti si mrithi wa babu. Mrithi wa Mrimba angekuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Nadhani simulizi hii inahifadhi maridhiano kati ya mila mbili: upande mmoja uliotaka kiti kiende kwa mtoto wa sultani, na upande mwingine usiokubali kiti kisichopitia kwa mwanamke. Mtoto mmoja akatosheleza pande zote.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu wapatao 80 waliozikwa zamani katika pwani hii na maeneo jirani, wakiwemo watu wa Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, damu ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa sana, na damu ya Asia, hasa ya Uajemi, iliingia zaidi kupitia wanaume. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Utafiti hauwezi kumthibitisha Mrimba wala binti yake. Lakini unaonyesha kwamba ndoa ya namna ile ilifungwa mara nyingi, na kwamba wazee waliosimulia habari za binti wa mwenyeji hawakuwa wakiota.

Binti huyo, katika simulizi ninayoijua, haitwi kwa jina lake. Ni binti Mrimba tu, mke wa sultani na mama wa sultani.

*

Kitabu cha nasaba kina uzuri wake. Kinapanga mambo, na mtu akikisoma anapata picha ya mto unaoshuka taratibu kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kilwa yenyewe haikutulia hivyo hata siku moja.

Karibu na mwaka 1277 ukoo wa Kishirazi ulipokonywa kiti na al-Hasan bin Talut, mwanzilishi wa ukoo wa Mahdali. Mjukuu wake, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, na ndiye mwenye jumba la Husuni Kubwa. Kitabu kinasimulia kwamba kiti kilipokuwa wazi, yeye alikuwa safarini Aden na Makka. Ndugu yake Daud akakishikilia kwa niaba yake kwa miaka miwili, na aliporudi akamwachia. Ibn Battuta alimkuta al-Hasan mwaka 1331 akiwagawia masharifu na mafakiri kwa mikono miwili. Alipofariki, Daud akatawala kwa haki yake mwenyewe, na msafiri huyohuyo anaandika kwamba milango ilibadilika: waombaji walikaa miezi mlangoni wakapata kidogo, mpaka wakaacha kuja. Watu wawili wa baba mmoja, nasaba ileile, na utawala mbili tofauti kabisa. Nasaba ilijibu nani atawale. Kuhusu atatawalaje haikuwa na neno.

Kadiri miaka ilivyokwenda, kitabu kinazidi kujaa maamiri na mawaziri. Sultani anakaa kwenye kiti, amiri anaamua nani akae. Mwishoni mwa karne ya 15 Amiri Ibrahim alimuua Sultani al-Fudail akashika mji. Hakujiita sultani, aliendelea kuitwa amiri, kana kwamba alijua kuwa kuna swali asiloweza kulijibu. Wareno walipofika, swali hilo likawa silaha yao. Walisema Ibrahim ni mnyang'anyi, kisha wakanyang'anya wao.

Hapo ndipo anapoingia Ankoni na lile taji. Habari za Wareno zinasema kwamba mzee huyo, ingawa alikuwa na watoto wake, aliomba kwamba yeye akifa kiti kirudi kwa mtoto wa al-Fudail. Ombi hilo linanifanya nimheshimu. Alikuwa na dhahabu kichwani na wanajeshi nyuma yake, lakini alifahamu kwamba mashahidi wa namna ile huondoka na upepo wa kusi. Alikuwa akijaribu kujifunga kwenye ukoo ambao watu wa Kilwa waliutambua, angalau kwa kuahidi kuurudishia chake. Haikumsaidia. Jamaa wa Ibrahim walimuua mwaka 1506. Mwanawe Haji Hassan na mtu wa upande wa masultani wa zamani, Micante, wakavutana kwa zamu, kila mmoja akiwategemea Wareno. Wafanyabiashara wakahama. Mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha ngome yao, na Ibrahim akarudi.

Katika vurugu zile zote sioni mtu aliyekwenda bara kumtafuta babu.

*

Huku bara hapakuwa na Husuni Kubwa, wala mfalme mmoja wa Wamwera wote. Kulikuwa na wenye vijiji na wakubwa wa koo. Waliokuja kuwa na majina makubwa zaidi kusini mwetu katika karne ya 19 ni Wayao: Machemba, Matola, Nakaam. Kwao kiti kilirithiwa pamoja na jina. Mtawala akifa, mrithi wake alichukua jina lilelile, na pamoja nalo madeni, wake zake, urafiki na ugomvi wake. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipopita nchi hii mwaka 1906, Matola aliyempokea Chingulungulu hakuwa Matola wa kwanza. Lakini kwa watu wake alikuwa Matola tu. Mtu hufa, jina halifi, na jina hilo lilisafiri kwa njia ya mama.

Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kufika kwetu. Agosti 1905 misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na jina lililobaki katika kumbukumbu za Wamwera waliopigana ni Selemani Mamba. Vitabu hueleza vita ile kwa kodi, pamba na kazi za kulazimishwa, na ni kweli. Mimi huongeza jambo moja. Wajerumani walileta maakida, wengi wao watu wa pwani, waliowekwa juu ya vijiji kwa barua. Akida hakuwa mpwa wa mtu yeyote. Ukimuuliza nani shahidi wako, alionyesha muhuri, na nyuma yake askari mwenye bunduki. Lilikuwa taji la Ankoni tena, safari hii limeandikwa kwenye karatasi.

Waingereza walikuja na njia iliyoonekana kinyume chake. Chini ya Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, walitaka kutawala kupitia watawala wa asili, na pale wasipowaona waliwatafuta. Walihitaji kabila moja, chifu mmoja, na orodha ya warithi inayosomeka. Nchi yenye wakubwa wengi wadogo, ambao urithi wao ulijadiliwa upya kila msiba, ilikuwa taabu kwa karani. Mjadala ule, ambao kwa wazee ndio uliokuwa utaratibu wenyewe, kwenye faili uliitwa mgogoro.

Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta uchifu kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo serikali ilitangaza sheria za mila zilizokusanywa na kuandikwa, zikiwemo za urithi. Nchi mpya ilikuwa na sababu zake nzuri za kutaka wote wawe raia sawa bila wakubwa wa kuzaliwa. Lakini zile mila za urithi zilizoandikwa zilikuwa za makabila yanayohesabu ukoo kwa baba. Za kwetu zilibaki midomoni.

Kuondoa machifu hakukuondoa swali la nani anarithi. Lilitufuata mpaka Nachingwea, mahali palipokwisha kupokea mipango mingi ya watu wengine: Waingereza walilima karanga huko baada ya 1947, wakajenga reli kutoka Mtwara, mpango ukaanguka miaka michache baadaye. Kwenye miaka ya 1960 Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wao Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Makamu wake alikuwa Uria Simango. Kwa mantiki ya ngazi, kiti kilikuwa chake. Kamati ya chama ikaamua watawale watatu pamoja: Simango, Marcelino dos Santos na Samora Machel. Kabla mwaka haujaisha Simango alikuwa nje, na Mei 1970 Samora akawa rais. Miaka mitano baadaye, Msumbiji ikiwa karibu kupata uhuru, Simango aliletwa Nachingwea na kusimamishwa mbele ya umati asome maungamo marefu ya usaliti. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani.

Sina haja ya kuamua hapa nani kati yao alistahili. Ninachokiona ni kwamba chama kilichokataa uchifu na ukabila, kwa hoja nzito, kilijikuta nacho kinahitaji shahidi. Hakikuridhika kushinda katika kikao. Kilitaka aliyeshindwa asimame hadharani ashuhudie kwa mdomo wake kwamba kiti hakikuwa chake. Ushahidi wa kulazimishwa ni dalili ya wasiwasi. Babu yule wa Ruvuma hakulazimishwa na mtu.

*

Mjomba wangu mkubwa alifariki mwaka 2021. Hakuwa chifu. Alikuwa mkulima wa korosho katika kijiji kimoja kati ya Ruangwa na Nachingwea, lakini ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, mwenye kuitwa kwenye misiba na posa. Siku ya arobaini, baada ya dua na chakula, wageni walipoondoka tukabaki wenyewe kwenye majamvi, na neno likatamkwa: shamba.

Mila ilisema mkubwa anayefuata ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa dada yake marehemu, na kwamba shamba la ukoo liko chini yake. Shehe akatukumbusha kwa upole kwamba katika mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, mtoto wa dada hana fungu. Binamu zangu, watoto wa mjomba, hawakusema kitu, lakini walikuwa wamebeba maji ya kumwagilia ile miche tangu wakiwa wadogo. Kaka yangu anauza viatu Kariakoo. Jijini wanamwita machinga, na hakuna anayekumbuka kwamba hilo ni jina la watu. Alikuwa na kodi ya nyumba na ada za watoto mawazoni. Mama alitazama chini. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila haki ilikuwa na sheria yake. Niliogopa kwamba tutatoka pale tukiwa koo mbili.

Bibi, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameegemea ukuta muda wote. Akasema, "Wajukuu zangu, mnagombea mikorosho gani? Ile ya kisimani niliikuta. Mama yangu aliipanda, na mimi nilipewa na mama yangu. Ile ya barabarani ilipandwa na marehemu na mkewe, mwaka ule wa elnino. Mimi nilikuwepo."

Akaanza kuhesabu, mti kwa mti. Huu ulipigwa radi. Ule ulipandwa alipozaliwa fulani. Hapa palikuwa na muhogo wa marehemu shangazi yenu. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo. Alipomaliza, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Mikorosho ya barabarani ikaenda kwa watoto wa mjomba, wagawane kama dini inavyosema. Ya kisimani ikabaki ya ukoo, chini ya mama na dada zake, ili iendelee kushuka kwa watoto wao. Kaka akapokea ukubwa wa ukoo, yaani kuitwa kwenye misiba ya watu na kuchangia nauli.

Mkorosho wenyewe si mti wa asili huku. Ni Wareno walioufikisha Afrika Mashariki kutoka Brazili, katika karne ileile waliyokuja na taji. Taji lao halikudumu mwaka mzima kichwani mwa Ankoni. Mti unalisha wilaya nzima, na umekuwa wetu kiasi kwamba tunaugombea kwa mila za mababu ambao hawakupata kuuona.

Wiki chache baadaye tulikwenda ofisi ya kijiji kuulizia hatimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Afisa mtendaji alikuwa kijana mwenye heshima, akatupa fomu. Nilianza kuijaza kwa ajili ya mama: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Majina yote yaliyoombwa yalikuwa ya wanaume ambao hawakupata kuwa na haki yoyote katika ardhi ile. Walioishika, kutoka mkono hadi mkono, ni wanawake watatu, na fomu haikuwa na nafasi yao.

Nikamuuliza mtendaji kama naweza kuongeza maelezo nyuma ya karatasi. Akafikiri, akasema haikatazwi. Basi nikageuza, nikaandika jinsi shamba la kisimani lilivyofika kwa mama: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, kuanzia kwa mama yake bibi mpaka kwa mama na dada zake, kila mmoja kwa jina lake aliloitwa na mama yake. Bibi akanisahihisha herufi moja, ingawa hajui kusoma, aliisikia nilivyolitamka. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya maandishi, mahali pa shahidi.